Tulivyopelekwa Epulu Kufundishwa Miti

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kwenye boulevard ya Bunia ananiuliza jambo lile lile: "Mualimu, uliona okapi?" Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama juani huku pikipiki zikinipita visiginoni. Basi naandika mara moja, msome, mpeane, na asiwepo mtu wa kunisimamisha tena.

Okapi, yule mnyama wa msituni mwenye milia miguuni, sikumwona. Hilo tulimalize hapa hapa.

Na kusema kweli sikwenda kwa ajili yake. Shirika moja lenye jina refu lilikuwa linaandaa mafunzo ya mazingira huko Epulu, ndani ya msitu wa Ituri, kwa watoto, familia na watu wazima, na majina ya waliochaguliwa yalibandikwa kwenye ukuta wa shule yetu. Nikaona langu, na chini yake nikaona la Ezra. Ezra alikuwa jirani yetu Bule, kule vilimani Djugu. Nyumba yake na ya mama yangu zilitenganishwa na ua tu. Vita ilipotufikia sisi tulikimbia, yeye akabaki, kwa kuwa waliotufukuza walikuwa watu wa kwao. Mama naye alibaki. Miguu yake ilikuwa imekwisha kukataa, akatuambia tuwatoe watoto kwanza, kisha tumrudie. Hatukuweza kumrudia. Siku hizi Ezra naye yuko Bunia, tunaonana sokoni na hatusemezani.

Baadaye mmoja alisema amekufa, mwingine akasema ameonekana kambini mahali fulani. Hakuna aliyeweza kusema amelazwa wapi, na kwetu huwezi kukaa matanga ya mtu ambaye hajulikani aliyemzika. Yaya Leoni, dada yangu mkubwa, alikataa hata jina la mama lisomwe kanisani pamoja na marehemu. "Nani alimuona?" ndiyo ilikuwa hoja yake, na hakuna padri aliyempita hapo. Kwa hiyo mimi nilikwenda Epulu kumuuliza Ezra swali moja: mama yangu yuko wapi? Nilidhani siku nne katika safari moja zingetosha kwa swali moja.

BUNIA – KOMANDA: MNYAMA WA SOKSI

Tulipaswa kuwa magari mawili. Gari la pili lilikuja, likapigwa picha na banderole, kile kitambaa cha maandishi, mbele yake, likarudi lilikotoka. Hivyo "familia" zikabaki mbili: mimi na binti yangu Neema wa miaka tisa, mke wangu akiwa amebaki na mtoto mchanga; na Ezra na mkewe Mama Ruta, pamoja na wasichana wao wawili. Mbele alikaa dereva, na pembeni yake kiongozi wa mafunzo, kijana mnene wa Kisangani mwenye moyo mwema na megafoni. Alitaka tumwite Coordo, yaani mratibu. Mpishi, Mama Bibiche, alikaa nasi nyuma na sufuria zake.

Viti vya nyuma vya jeep vinatazamana. Mimi na Ezra tukakaa magoti kwa magoti, kila mmoja akitazama dirisha lililokuwa nyuma ya mwenzake. Kwa mbali tungeweza kudhaniwa tunatazamana. Watoto hawakuwa na habari na mambo hayo. Kabla hatujatoka mjini Neema alikuwa ameshaanza kumsuka msichana mdogo wa Ezra, na Mama Ruta aliuangalia mkono wa binti yangu kwenye kichwa cha binti yake.

"Familia wapendwa!" Coordo akapiga kelele, megafoni ikiwa hatua moja na masikio yetu. "Siye tunaenda kujifunza kupenda pori! Tuimbe!"

Tuliimba. Wimbo ulihusu mti unaomshukuru mtoto kwa kutoukata, na ulikuwa na beti nyingi.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari alichungulia ndani. "Munaenda wapi na batoto?"

"Epulu," akasema Coordo. "Tunaenda kuona miti."

Askari aligeuka akatazama miti ya kando ya barabara, kisha akamrudia Coordo. "Hii iko nini?"

"Hii iko miti, lakini siye tunaenda kuona miti ya biodiversité."

Hapo akamwita mkubwa wake. Huyo alikuwa mtu mzima mwenye macho ya kuchoka, na nilimwelewa kabisa. "Bantu beko banatoka mu pori banakimbia," akasema. "Nyiye munaingia na batoto. Iko nini kule ndani?"

Tukateremshwa. Shehena ikashushwa, na ndani yake ikatoka picha kubwa ya okapi, iliyochorwa na yule fundi wa Bunia anayechora vichwa kwenye milango ya vinyozi. Inaonekana hakuwahi kumwona mnyama huyo. Alimchora punda mwenye nywele zilizokatwa vizuri.

"Hii punda," akasema askari wa kwanza.

"Punda ya wapi inavaa soksi?" akajibu mwenzake. Walibishana mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa gari. Mwishowe mkubwa akataka apigwe picha akiwa ameshika sikio la okapi, akapigwa, akaturuhusu. Coordo aliandika kwenye daftari lake kwamba askari wamehamasishwa.

Muda wote huo Ezra alisimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni: "Jua kali."

"Kali," akasema Ezra.

KOMANDA: SAHANI SABA

Pale Komanda tukaambiwa magari ya Mambasa hayaendi moja moja, yanasubiriana, yanasindikizwa na askari. Tungoje. Muulize mtu yeyote wa Ituri maana ya "mungoje kidogo", atakwenda kununua mkeka. Coordo alitaka kutumia nafasi hiyo kwa somo la ndege, lakini ndege waliokuwepo walikuwa kuku.

Mama Bibiche akapika wali, sombe ya majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi. Sasa hapa niwaeleze walio mbali. Kwetu anayepika huonja kwanza mbele ya wageni. Wakati wa amani ni heshima tu. Wakati wa amani hii tuliyo nayo, ambayo watu wanalala na viatu, ni jambo linaloangaliwa kwa makini sana. Mama Bibiche akachota kijiko kutoka sufuriani, akala, akatutazama wote. Kisha akapakua.

Hakuna aliyegusa.

Mama Ruta akasukuma sahani yake mbele, taratibu. "Mama, aksanti. Onja na hapa." Mama Bibiche akaonja. Na mimi, naona aibu kuandika hili, mimi ninayefundisha watoto elimu ya uraia, nikasukuma yangu na ya Neema. "Na hapa, tafazali."

Akaonja zetu. Ezra naye akasukuma yake na za wasichana. Dereva, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani, akaona asiachwe nyuma.

"Muniache basi!" akalia Mama Bibiche, kijiko mkononi. "Niko nashiba mbele ya kukula! Nyiye batu ya kilima muko na mashetani gani?"

Coordo alikuwa anaandika. Baadaye nilisoma juu ya bega lake: "Desturi ya chakula ya Ituri: mpishi huonja sahani zote, ishara ya ukarimu." Tukala. Sombe ilikuwa tamu sana, na hilo lilinikasirisha zaidi.

KOMANDA – MAMBASA – EPULU: MAKAA NDANI YA MSITU

Msafara ulipotoka, ulitoka mbio, halafu ukasimama mara moja kwa sababu lori la mbele lilizama kwenye tope mpaka milango. Wanaume tukashuka kusukuma. Walituweka mimi na Ezra bega kwa bega chini ya ubao mmoja. Mtu unayemsikia akihema sikioni mwako ungedhani ni rahisi kumuuliza swali. Nilisema, "Sukuma," naye akasema, "Nasukuma." Lori likatoka, tukarudi kwenye madirisha yetu.

Tulilala Mambasa. Mgahawa wa hapo ulikuwa na nyama. "Nyama gani?" akauliza Coordo, ambaye siku nzima alikuwa ametufundisha tusile wanyama wa porini. Mama mwenye mgahawa akamtazama kwa huruma. "Nyama," akasema. Coordo akala lituma, ndizi za kupondwa, bila mchuzi, na heshima yangu kwake ikapanda kidogo.

Asubuhi tukaingia msituni wenyewe. Niseme nini? Ni mkubwa. Barabara ndani yake ni kamstari tu. Hata Coordo aliishusha megafoni kama dakika mbili. Tulipofika Epulu na kushusha mizigo, yakatoka magunia matatu meusi, yamefungwa vizuri kwa kamba. Neema akauliza ni nini.

"Makala, makaa ya kupikia," akajibu Coordo kwa fahari. "Tumeleta za Bunia, juu tusikate hata tawi moja ya pori."

"Makala ya Bunia inatokaka wapi?" akauliza Neema.

Coordo akasema maswali yatakuwa mwisho wa somo.

Kiongozi wetu wa porini alikuwa Papa Abeli, Mbuti wa hapo hapo, wa wale wenyeji wa asili wa msitu, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Yeye ndiye aliyetuambia habari za okapi. Wale waliokuwa wakitunzwa kwenye kituo cha hapo waliuawa katika vita moja ya zile zetu. Waliobaki wako ndani, na wakimsikia mtu wanaondoka kabla hajafika. "Na ile muziki yenu," akasema akiionyesha megafoni kwa kidevu, "beko banaisikia tangu Mambasa."

EPULU, SIKU YA KWANZA: MAJANI YANAYOUA

Coordo alianza kwa kumfundisha Papa Abeli umuhimu wa msitu. Mzee alisikiliza kwa adabu zote. Alipotakiwa kutaja faida tatu, akahesabu kwa vidole: "Asali. Majani ya mangongo ya kufunika nyumba. Na kimya."

"Hapana, papa. Oxygène, mvua, na tourisme."

"Njo vile," akakubali Papa Abeli, na akatutazama sisi wengine kama vile anatupa pole.

Mchana likaja somo la watu wazima. Jihukumieni wenyewe. Katika mambo yote ambayo Mungu ameyaweka kwenye msitu ule, vipepeo, maua, ndege wa kila rangi, somo alilochagua Coordo kwa familia mbili za Bule lilikuwa mimea yenye sumu.

"Hii majani, angalieni muzuri," akasema, ameishika kwa vidole viwili. "Mutu akitia kidogo tu mu sombe, haina harufu, haina ladha. Mwenye kukula anakufa bila alama. Hata munganga hawezi kujua!"

Mama Ruta akaniangalia. Nikamwangalia Ezra. Ezra akamwangalia Mama Bibiche. Mama Bibiche akaweka mikono kiunoni na kusema kwamba akisikia mtu anamwambia "onja" leo, atarudi Bunia kwa miguu.

Sombe ya jioni ile ilirudi sufuriani yote. Tulikula ndizi mbivu, kila mtu akimenya yake mwenyewe. Coordo alisikitika, akauliza kama tuna homa.

EPULU, SIKU YA PILI: MUTI WANGU, RAFIKI YANGU

Hii ndiyo siku mnayopaswa kuisoma polepole.

Zoezi la mwisho liliitwa "Muti wangu, rafiki yangu". Watoto walipelekwa mtoni na Papa Abeli. Watu wazima tuligawanywa wawili wawili, na kila mmoja alitakiwa kumsimulia mwenzake mti mmoja anaoujua maishani, kisha aukumbatie wa karibu, macho yakiwa yamefumbwa. Coordo akapitia karatasi yake.

"Mualimu, weye wa Bule. Papa Ezra, weye wa Bule. Formidable! Mukae pamoja."

Mtu yeyote wa Bunia, hata mlevi, asingesema maneno hayo. Kwetu kabla ya kuwakalisha pamoja watu wawili wa Djugu unauliza kwanza kwa mtu wa tatu, kwa sauti ya chini. Coordo wa watu alikuwa wa Kisangani. Aliona jina la mji mara mbili, akafurahi.

Tukakaa kwenye gogo. Coordo akasimama juu yetu na karatasi yenye maswali. "Papa Ezra, anza. Muti gani?"

Ezra alikuwa ameshika kofia mikononi. Akaizungusha mpaka nikadhani amekataa.

"Avoka," akasema, yaani mparachichi. "Haiko hapa. Iko Bule."

"Nani aliipanda?"

"Mama ya huyu Mualimu. Aliipanda karibu na ua, ikakuwa mukubwa, ikalala upande yangu. Kila mwaka tuligombana. Mama anasema matunda yake, mi nasema inaanguka kwangu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeusahau ugomvi ule wote, na pale niliisikia sauti ya mama juu ya ua, ikimwita Ezra mwizi wa mchana.

"Na leo hii inasaidia nini?" Coordo akasoma swali lake la tatu.

Ezra akaacha kumtazama Coordo, akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Bule.

"Mualimu, mama yako iko pale chini yake. Mi mwenyewe njo nilimuzika."

Niliitazama mikono yake.

"Mutu hakumuua," akasema Ezra haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Kiisha nyiye kuondoka aliishi siku tano. Mama Ruta alikuwa anamupelekea uji, anapita mu ua. Asubuhi moja alimukuta amelala vile, bila pumzi. Nilichimba mi peke. Bantu ya kwetu balipita, baliuliza, 'Unachimba nini?' Nikabaambia shimo ya ndizi. Nikapanda na ndizi kweli, juu baone. Sikutia musalaba. Ningetia musalaba, bangejua."

"Unaniona sokoni kila siku ya Mungu," nikasema. "Miaka yote hii. Mbona haukusema?"

"Ungeniuliza, 'Na weye, namna gani ulibaki muzima?' Sikukuwa na jibu."

Nilimkasirikia, hasira ya kweli, ya kutaka kumpiga. Halafu ikanishika aibu, maana swali hilo hasa ndilo ningemuuliza. Nililia. Naandika wazi ili msisikie kwa dereva: nililia juu ya gogo, kamasi na yote, na Ezra akiwa pembeni anaikunja kofia yake.

Coordo alikuwa bado anaandika. Sitaki kumsema vibaya, sidhani alielewa, Kiswahili chetu kinampita kikienda mbio. Alipomaliza mstari wake akainua kichwa.

"Très bien, Papa Ezra. Lakini attention. Avoka haiko muti ya asili. Ililetwa na bageni. Exercice ilikuwa inaomba muti ya hapa kwetu. Tutahesabu nusu." Akanigeukia. "Na weye Mualimu, muti yako?"

Nikamwambia sina. Akaandika kwamba sina.

EPULU – BUNIA: MANENO YA MAMA

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, na tope lile lile, na mkubwa wa kizuizi akiulizia picha yake. Mimi na Ezra tulikaa upande mmoja wa gari. Alinisimulia zile siku tano, na mwanzoni zilikuwa nzito, kisha zikaanza kuwa za mama mwenyewe. Alikuwa hawezi kusimama, lakini kutoka kitandani alimtuma Ezra kufunga kuku, kufagia ua, kurudisha jembe lililoazimwa kabla ya vita. Uji wa Mama Ruta aliusema una mabonge.

"Alisema vile," akathibitisha Mama Ruta. "Na haikukuwa na mabonge."

Nikacheka. Sijui kama nilipaswa kucheka, lakini mama yangu alikufa akiwa anatoa amri, na kwa miaka nilikuwa nimemfikiria akifa akiwa anaita majina yetu.

Karibu na Bunia nikamwambia Ezra kwamba sasa tutakaa matanga, na aliyezika anatakiwa awepo aseme kwa mdomo wake.

"Kwenu?" akauliza. "Katikati ya bantu benyu?"

"Kwa Yaya Leoni."

"Yaya Leoni atanipiga."

"Inawezekana," nikasema.

BUNIA: MATANGA

Baadhi yenu mlikuwepo, lakini mlikaa mbali, chini ya turubai la nje, na hamkusikia. Siku ya pili ya matanga, mchana, Ezra aliingia na mkewe na wasichana wao. Wajomba wawili wakasimama. Nilimtazama dada yangu, na kwa kweli sikujua atafanya nini.

Ezra alisimama mbele yake, akasema jina lake, jina la baba yake, na kwamba yeye ndiye aliyemzika mama yetu kwa mikono yake. Akasimulia yote, pamoja na uongo wa shimo la ndizi.

Yaya Leoni alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumuuliza kwa nini alibaki, wala kwa nini alinyamaza. Aliuliza jambo moja tu.

"Kichwa iko upande gani?"

"Upande ya nyumba yenu," akasema Ezra. "Nilimugeuza. Nilisema atapenda kuona mulango."

Dada yangu akafungua kitambaa kichwani, akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kulia kwa sauti, kilio alichokinyima ruhusa tangu siku tulipokimbia. Mama Ruta akaenda akakaa kando yake.